Minyoo fundo shambani: chimbua mmea uangalie mizizi kabla hujanunua dawa

Kama nyanya zako zinanyauka mchana jua likiwaka halafu jioni zinaamka, majani yanapauka kuwa njano na maji unamwagia na mbolea umeweka, tafadhali usikimbilie dawa ya ukungu. Chimbua mmea mmoja na jembe taratibu, usiuvute maana mizizi itakatikia chini, suuza kwenye ndoo ya maji uangalie. Ukikuta mizizi imejaa mafundofundo hao ni minyoo fundo, nematodi, na dawa ya ukungu haiwafanyi kitu.

Kwenye maharage na kunde kuwa makini. Zile nundu za bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani zimekaa ubavuni mwa mzizi, ukisugua na kidole zinabanduka, ukipasua iliyo hai ndani ina upinki. Fundo la minyoo halibanduki, ni mzizi wenyewe umevimba. Inauma sana kuona mtu anang'oa maharage mazima kwa kuchanganya hivi vitu viwili.

Mnyoo mchanga anayeingia kwenye mzizi ana kama nusu milimita tu, jike mmoja anataga mayai mamia, na udongo ukiwa na joto la nyuzi 27 hivi kizazi kinakamilika ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo msimu mmoja wa nyanya unatoa vizazi kadhaa. Zao lililoshambuliwa huliponyi, unalisaidia tu lifike mavuno kwa maji kidogo kidogo mara kwa mara, mboji na matandazo. Kazi yenyewe ni ya msimu ujao.

Anza na kitalu, mimi naona hapa ndipo wengi tunapoteza vita. Minyoo hawatembei mbali wenyewe, tunawabeba sisi kwenye miche, jembe, buti, na maji ya mfereji. Lainisha udongo wa kitalu, mwagilia ulowe vizuri, funika na nailoni angavu (siyo nyeusi), zika kingo zote hewa isitoke, acha wiki 4 hadi 6 kipindi cha jua kali kuliko vyote, joto liwaue minyoo. Joto halishuki chini sana kwa hiyo kwenye tuta la kitalu inalipa kuliko shamba zima.

Shambani ukivuna nyanya usiache mizizi humo, ing'oe uichome, mayai yako huko. Usifuatishe bilinganya, bamia wala tango. Ili minyoo wapungue panda marejea (mmea wa kurutubisha udongo), au maua ya marigoldi eneo zima kwa miezi miwili mitatu, kuzungushia mstari pembeni tu hakusaidii. Na palilia jamani, mnafu ukibaki minyoo wanaendelea kula kama kawaida.

Mbegu za nyanya tafuta zenye herufi N (ya nematodi) kwenye pakiti, zinahimili minyoo, ila udongo ukizidi nyuzi 28 ule ukinzani unapungua. Dawa za kuua minyoo ziwe za mwisho, nyingi ni sumu kali hata kwa mtu, soma lebo, vaa glavu, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Kujua kama shamba limepoa, chota udongo sehemu nyingi kina cha sentimita 20 hivi, changanya, jaza kwenye makopo, panda miche ya nyanya aina isiyo na ukinzani, baada ya wiki 6 ing'oe usome mizizi.