Vanila yako ni ipi? Namna ya kuitambua kabla hujakatia marando mengine

Wakuu habari zenu. Leo naongelea vanila, na wengi wanashangaa nikiwaambia vanila ni okidi kabisa, ukoo mmoja na yale maua ya bei mbaya ya kwenye vyungu, ila hii inapanda juu ya mti na inatoa maganda yenye harufu. Shida yake zikiwa changa zote zinafanana, mtu anakuuzia marando (vipande vya shina vya kupandia) anakwambia vanila ni vanila tu, unapanda unahudumia miaka mitatu ndo unakuja kujua sio ile wanunuzi wanaitaka. Mi yamenikuta, nilinunua marando arobaini yakaja kuzaa maganda mafupi manene kama vidole vya ndizi, mnunuzi akaangalia tu akarudisha. Iliniuma sana, na sitaki imkute mwingine.

Inayotafutwa sokoni ni Vanilla planifolia, asili yake Mexico na nchi za jirani zake, ndo hiyohiyo ya Kagera, Uganda, Komoro na Madagaska. Zinazochanganywa nayo ni mbili: pompona, na ile ya Tahiti ambayo ni chotara wa planifolia na vanila nyingine inayoitwa odorata.

Anza na jani, chukua rula. Usipime majani ya kwanza kwenye rando wala yale ya nchani, hayo yanadanganya, pima ya katikati kwenye mmea uliokwisha panda mti, pima matano au sita. Planifolia urefu ni sm 8 mpaka 25 na upana sm 2 mpaka 8. Pompona urefu 15 mpaka 29, upana 4 mpaka 12. Hapo unaona zinaingiliana, kwahiyo namba peke yake haitoshi, lishike jani: la pompona ni nene, zito, na shina lake nalo nene. Ya Tahiti jani ni jembamba, upana sm 2.5 mpaka 3 hivi, na shina jembamba. Rangi achana nayo kabisa, jua kali linafanya jani lolote liwe la njano, na ile yenye mistari myeupe au ya njano kwenye majani watu wanauziwa kama aina nyingine wakati ni planifolia hiyohiyo.

Ua ndo linasema zaidi ila linataka uwahi. Linafunguka asubuhi na siku hiyohiyo limenyauka, sasa we nenda mapema na simu, piga picha kwa mbele na kwa pembeni. Kishada kimoja kinakua na maua mengi na huwezi kuyachavusha yote kwa mkono maana mmea utachoka, kwahiyo lile utakaloliacha lichume ulipasue ulitazame vizuri. La planifolia ni kijani kinachoenda kwenye njano, la pompona kubwa zaidi, petali nene zenye nyama na njano yake imekolea. La Tahiti angalia mdomo wa ua, ile petali iliyojikunja kama tarumbeta, ni mfupi kuliko petali nyingine.

Ila mi naamini ganda kuliko vyote. Na huna haja ya kusubiri ile miezi tisa ya kukomaa, kufika wiki ya nane hivi ganda limeshamaliza kurefuka, umbo lake linaonekana. Planifolia refu na jembamba, sm 10 mpaka 25, likiiva linapasuka kuanzia nchani. Pompona haizidi sana sm 17 ila unene unaweza kufika sm 3, lina pembe tatu ukilishika unazisikia. La Tahiti limetuna katikati limechongoka huku na huku, na likiiva halipasuki.

Kwa ndugu zangu wa pwani, kuna ya mwituni pia, Vanilla roscheri, utaikuta kuanzia pwani ya Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini. Hii haina majani, ni shina la kijani tu linatambaa kwenye vichaka, ua lake jeupe lenye rangi ya waridi kooni na linanukia vizuri mno. Watu wanaichanganya na ule mmea wa kutambaa wenye shina la pembe nne, ila ule unashika mti kwa vikonyo vinavyojikunja, vanila inashika kwa mizizi inayotoka kwenye pingili. Tafadhali usiing'oe, piga picha uiache.

Na ukikata vanila yoyote jikinge mikono, utomvu wake unawasha.

Sasa hivi kila mmea ambao nimeshaona ganda lake nikaridhika naufunga kitambaa chekundu, na marando nakata kwenye hiyo yenye kitambaa tu. Ile arobaini sikuing'oa yote, nimeacha mitatu nyuma ya nyumba, jirani akija kuomba mbegu namshikisha jani la huku na la kule kwanza, tena ikiwa msimu namwonyesha na maganda, ndo namkatia.