Somo: Kuitambua Carex humilis, ndago fupi ya miteremko ya chokaa

Hii ni ya ukoo mmoja na ndago ya shambani, lakini tabia zake ni nyingine kabisa. Haina viazi vya chini ya udongo, haivamii mashamba, na udongo ukishalimwa ni vigumu kuiona ikirudi. Ndiyo maana Wiltshire na Dorset, kusini mwa Uingereza, ikionekana kwa wingi huwa ni ishara ya malisho ya zamani ambayo jembe halijayagusa. Hupatikana pia Ujerumani (vilima vya Kyffhäuser, Kaiserstuhl, Schwäbische Alb) na katika miteremko mikavu ya Valais, Uswisi. Somo hili ni kwa walio huko.

Vifaa: lenzi ya kukuza mara 10, rula ya milimita, kichupa cha siki, daftari na kamera. Jembe liacheni nyumbani. Uingereza, sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi, na kwa kazi hii hakuna haja ya kung'oa.

Hatua ya 1: Nenda kwa wakati wake. Huchanua Machi na Aprili, mapema kuliko ndago nyingi za jirani. Wiki mbili za katikati ya Aprili ndizo bora. Anayesubiri nyasi zistawi kwanza huwa amechelewa.

Hatua ya 2: Chagua mteremko. Tafuta upande unaoelekea kusini, wenye jua siku nzima, nyasi fupi na udongo mwembamba ambao mawe yake yanachungulia. Dondosha siki kwenye jiwe: likitoa povu, ni la chokaa. Chini ya vichaka usipoteze muda, kwani kivuli huimaliza.

Hatua ya 3: Hakikisha ni ndago, si nyasi. Hapa wengi huchanganya na Festuca ovina, nyasi yenye majani kama nyuzi. Jani la Festuca limekunjwa, na ukilizungusha kati ya vidole unahisi uzi wa duara. Jani la Carex humilis lina mfereji katikati, upana wa milimita 1 hadi 1.5, na kingo zake hukwaruza ukipitisha kidole kutoka ncha kuelekea shinani. Tazama pia shungi (fungu la majani yanayotoka shina moja la chini) kwa chini: majani yamejipanga pande tatu, na ala za zamani, yaani sehemu za chini za majani zinazozungushia shina, ni za kahawia, zimechanika nyuzinyuzi.

Hatua ya 4: Fungua shungi. Hii ndiyo hatua inayoamua yote, basi usiiharakishe. Piga goti, tenganisha majani kwa vidole vya mikono miwili, uangalie ndani. Mashina ya maua ni mafupi kuliko majani, mara nyingi sentimita 3 hadi 10 tu, kwa hiyo aliyesimama hayaoni. Juu kabisa kuna suke moja la kiume, lenye magamba ya kahawia yenye kingo nyeupe angavu na stameni (viungo vya kiume vyenye chavua) za njano. Chini yake, yametawanyika kwenye shina, yapo masuke 2 hadi 4 ya kike, kila moja na maua machache, mara nyingi 2 hadi 4. Kila suke la kike limefichwa nusu ndani ya ala nyembamba inayong'aa kama fedha. Ala hiyo ukiiona, pamoja na shina fupi kuliko majani, unaweza kuandika jina bila wasiwasi.

Hatua ya 5: Thibitisha kwa lenzi. Ua la kike lina stigma 3, yaani vincha vinavyopokea chavua. Mwezi Mei, kifuko kinachofunika mbegu (utrikuli) huwa na vinyweleo na urefu wa takriban milimita 2.5 hadi 3.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, niko Kyffhäuser. Siki haikutoa povu hata kidogo, lakini alama zote nyingine zipo. Nimekosea?
Jibu: Hujakosea, ndugu. Sehemu kubwa ya miamba ya huko ni jasi, ambayo ina kalsiamu lakini haitoi povu kwa siki. Dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa, nayo hutoa povu hafifu, mpaka uisage kwanza. Siki inakusaidia kuchagua mahali, haikupi jina la mmea.

Swali: Naitofautishaje na Carex caryophyllea? Zote ziko kwenye kilima kimoja.
Jibu: Carex caryophyllea, ndago nyingine, hutambaa kwa rizomu (mashina ya chini ya udongo), kwa hiyo huoni shungi nene. Mashina yake husimama juu ya majani, masuke ya kike yamekusanyika karibu na la kiume, na zile ala za fedha hazipo.

Swali: Mashungi makubwa yamekufa katikati, yamebaki duara. Ni ugonjwa?
Jibu: Hapana, ndivyo inavyokua. Shungi hupanuka polepole kuelekea nje na sehemu kongwe ya katikati hufa. Unapohesabu mimea, duara moja usilihesabu kama mashungi kumi.

Swali: Nimefika Julai, nimekuta majani tu. Niandike jina?
Jibu: Andika "huenda", weka alama ya mahali, rudi Aprili. Rekodi ya majani peke yake imeharibu orodha nyingi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwetu Tanga kuna mawe ya chokaa tele, kama kule Amboni. Nikipata mbegu, itaota?
Jibu: Marahaba. Chokaa unayo, ila baridi huna. Mmea huu umezoea majira yenye kipupwe kirefu, na joto la pwani halina mapumziko hayo. Jenasi (kundi) ya Carex ipo kwetu Afrika Mashariki, lakini iko milimani: Carex runssoroensis, kwa mfano, huota kwa mashungi makubwa kwenye vinamasi vya juu vya Rwenzori. Hiyo nayo inataka maji mengi, kinyume kabisa na hii ya chokaa.