Lukozi hadi Rangwi kwa miguu: siku moja Usambara kwa mtu wa Nairobi

Kila ikikaribia Juni, wenzangu tunaopanda nao vilima vya Ngong, nje ya Nairobi, huniuliza swali lilelile: safari ya kijiji hadi kijiji, unatembea mchana na kulala gesti usiku, inapangwaje? Nitaeleza siku moja tu, ya Lukozi hadi Rangwi, Usambara Magharibi, Tanzania. Ukiiweza hiyo, siku inayofuata, Rangwi hadi Mtae, haitakusumbua.

Hatua ya 1: Jipime Ngong
Pita vilima vyote saba mpaka Kona Baridi ukiwa na begi lilelile utakalosafiri nalo, limejaa. Msitu wa Karura wa pale jijini hausaidii, ni tambarare mno. Usambara inachosha magoti kuliko pumzi, kwa kuwa kila ulichopanda utakishuka kabla ya chakula cha mchana.

Hatua ya 2: Fika
Panda basi la Dar es Salaam linalopitia mpaka wa Namanga, shuka Mombo, kisha gari la kupanda Lushoto, kama kilomita 33 za kona. Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Badilisha pesa ziwe shilingi za Tanzania, noti ndogondogo. Lushoto tafuta mwongozaji, naye atashughulikia kibali cha msitu. Siku ya kwanza wengi huvuka msitu wa Magamba, wenye mbega weusi kwa weupe, na kulala Lukozi. Siku yetu inaanzia hapo.

Hatua ya 3: Ondoka saa moja asubuhi
Kunywa chai, kula maandazi, vaa sweta. Julai ukungu hukaa mabondeni hadi saa tatu. Masika, Machi hadi Mei, mimi siendi: udongo mwekundu ukilowa, utashuka kwa makalio.

Hatua ya 4: Salimia, ndipo uulize
Hapa ndipo watu wa Nairobi tunapokosea. Tumezoea kurusha "niaje" huku tunapita. Huku unasimama. Mzee unampa shikamoo, unasubiri marahaba, mnaulizana habari za shamba, halafu ndiyo njia. Vijia ni vingi kati ya mashamba ya kabichi na viazi, na ramani ya simu haivijui vyote.

Usiulize, "Hii inaenda Rangwi?" Utajibiwa ndiyo, kwa adabu tu. Uliza, "Rangwi ni njia ipi?" ili mtu alazimike kunyoosha mkono. Umbali nao usiuulizie kilomita, maana kila mahali ni "hapo tu". Uliza mtu mwenye mzigo kichwani huchukua muda gani, kisha ongeza nusu yake. Mimi kwa mwendo wangu, pamoja na kusimama, hunichukua muda wa saa tano hadi sita.

Dukani nako sema "naomba maji". Ile "nipe maji" yetu, ambayo kwetu haina ubaya wowote, huku inasikika kama amri. Nilirekebishwa na mtoto wa darasa la nne hivi, mbele ya bibi yake.

Hatua ya 5: Chumba kabla ya saa kumi
Rangwi masista wana nyumba ya wageni. Mwambie mwongozaji apige simu tangu jana yake, kwa sababu chakula hupikwa kwa hesabu ya vichwa. Kwingine ulizia "gesti". Neno letu "lojingi" liache Namanga.

Mwaka mmoja nilifika kijiji cha njiani saa moja usiku, siku ya soko. Gesti zote zilikuwa zimejaa wachuuzi wa mboga. Nililala kwenye benchi la mgahawa, miguu juu ya gunia la karoti, na nikalipia bei ya chumba.

Ukionyeshwa chumba, jaribu komeo la mlango, tazama kama neti ina matundu, kisha omba blanketi la pili papo hapo, kabla wenzako hawajaligundua. Maji ya moto huletwa kwa ndoo, agiza mapema.

Hatua ya 6: Soksi
Zifue jioni hiyohiyo, na uombe kuzianika karibu na moto wa jikoni. Nje hazikauki, umande ni mwingi. Ukiingia jikoni, anza na shikamoo.