Mwenzako Akilemewa, Nenda Naye

Mimi ni mwenyekiti wa steji ya bodaboda hapa Kondele, Kisumu. Kwenye steji mtu aliyelemewa utamjua kabla hajasema. Abiria wanampita ameketi tu juu ya pikipiki. Mke akipiga, anazima simu. Saa nne asubuhi ameshalewa, na mkopo wa pikipiki unadaiwa kila siku. Wengi wetu humtumia namba ya mshauri tukaona tumemsaidia. Haitoshi. Aliyechoka moyo hana nguvu ya kwenda kumweleza mgeni shida zake akiwa peke yake, kwa hivyo kubali kumsindikiza.

Zungumzeni kwanza mkiwa wawili, mbali na masikio ya steji. Usimwambie "jikaze, wewe ni mwanaume". Maneno hayo yamefunga midomo mingi. Muulize analalaje, anakula, anapata raha na chochote? Kliniki nyingi hutumia maswali tisa, PHQ-9, kuhusu wiki mbili zilizopita, na la mwisho huuliza kama mtu amewaza ni heri afe au ajidhuru. Nawe liulize waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo. Ondoeni sumu na chochote anachoweza kujiumiza nacho, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akiogopa kushtakiwa, mwambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Kama hakuna hatari ya namna hiyo, anzeni karibu. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu huwa anajua ni wapi pana mshauri, na siku gani. Hospitali kubwa kwetu ni Jaramogi, ile tunayoita Russia kwa sababu Wasovieti ndio walioijenga. Fikeni asubuhi na mapema, abebe kitambulisho, na usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, muuangalie nyumbani kwa *147#. Mapokezi ulizeni kliniki ya afya ya akili. Foleni inaweza kuwa ndefu, na hapo ndipo wengi hugeuka wakarudi. Kaa naye kwenye benchi. Ndani aingie peke yake, isipokuwa akikuomba.

Asiyeweza kusafiri apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Kama tatizo ni pombe au dawa za kulevya, 1192 ya NACADA. Mtoto akiwa taabani, 116.

Mshauri wa kulipia muulizeni bei kabla ya kuketi, na kama amesajiliwa: tangu sheria ya 2014 kuna bodi ya washauri na wanasaikolojia. Anayekasirika kwa kuulizwa, muacheni.

Mambo ya nyumba yanahitaji uangalifu zaidi. Mume na mke wakigombana kwa sababu ya pesa, wakwe au kunyamaziana, wazee wanaweza kuwakalisha, au mchungaji, au mshauri wa ndoa. Chagueni mtu ambaye wote wawili wanamheshimu na asiyebeba maneno. Kila mmoja asikilizwe peke yake kwanza, ndipo wakae pamoja. Lakini kukiwa na kipigo au vitisho, msiwakalishe pamoja! Mbele ya anayempiga, mtu hasemi ukweli, na akithubutu kusema anaweza kulipia usiku huo. Hapo pigeni 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, na aliyeumizwa afike hospitali kwanza. Aliyebakwa afike ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia Virusi vya UKIMWI hazianzishwi baada ya hapo. Wazee wetu nawaheshimu sana, lakini jambo kama hilo halimalizwi kwa mbuzi.

Mtu akianzishiwa dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mwambie mapema kwamba huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, na asiziache bila kuzungumza na daktari, hata akijihisi mzima. Tarehe yake ya kurudi iandike kwenye simu yako pia. Siku hiyo ikifika, mbebe wewe mwenyewe, usimtoze nauli.