Kutambua ukoo wa Staphylococcus aureus katika ugonjwa wa kiwele kwa njia ya MLST

Ng'ombe kadhaa wa zizi moja wanaugua kiwele, na maabara imejibu kuwa wote wana Staphylococcus aureus. Jibu hilo halimtoshi mfugaji. Anachotaka kujua ni kama bakteria wa ukoo mmoja wanahama kutoka kiwele hadi kiwele wakati wa kukamua, au kila ng'ombe ana wake. MLST, njia inayosoma vipande vya jeni saba, husaidia kumjibu.

1. Sampuli. Futa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, mwaga maziwa ya mikamuo ya kwanza, kisha kinga yanayofuata kwenye kichupa tasa ulichokiinamisha ili uchafu usidondokee ndani. Kila chuchu iwe na kichupa chake, na uwahi kabla antibiotiki hazijaanza. Bakteria hawa hutoka kwenye maziwa kwa vipindi, kwa hiyo sampuli moja isiyootesha kitu haimwondolei ng'ombe shaka.

2. Koloni moja (kundi la bakteria waliozaliwa na mmoja). Otesha kwenye agari ya damu kwa nyuzi 37, saa 24. Thibitisha kwa kipimo cha koagulesi, kimeng'enya cha bakteria huyu kinachogandisha plazma ya damu. Kisha chukua koloni moja tu, uioteshe kwenye sahani mpya, na urudie tena. Wengi huruka marudio haya kwa haraka, lakini kwangu hapa ndipo penye uzito wa kazi yote: kiwele kimoja kinaweza kubeba koo mbili, na ukizichanganya hapa, majibu yote ya mbele yatayumba. Hifadhi akiba kwenye gliseroli, katika friza ya nyuzi −80.

3. DNA. Ukuta wa bakteria huyu hauvunjwi na lisozaimu, kimeng'enya cha kawaida cha kuvunja kuta za bakteria, peke yake. Ongeza lisostafini, kimeng'enya kinachokata madaraja ya glisini ya ukuta huo, uache nusu saa kwenye nyuzi 37. Baada ya hapo endelea na utaratibu wako wa kawaida.

4. PCR, yaani kunakili kila kipande mara nyingi. Jeni ni arcC, aroE, glpF, gmk, pta, tpi na yqiL. Praima zake, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, hushika vizuri kwenye nyuzi 55. Weka daima kichupa kisicho na DNA. Kikitoa mstari kwenye jeli, kuna uchafuzi: tupa mzunguko mzima.

5. Kusoma mfuatano. Agiza usomaji wa pande zote mbili za kila kipande. Fungua grafu ya usomaji mwenyewe, usiiachie programu. Ukikuta kilele cha kijani na chekundu vimepandana mahali pamoja, yaani besi (herufi za DNA) A na T, linganisha na upande wa pili. Vikipandana huko pia, huenda una koo mbili: rudi hatua ya 2. Besi moja tu ikikosewa inazaa aleli (toleo la jeni) ambayo haipo.

6. Namba. Kata kila kipande kwa urefu kamili wa rejea (arcC ni besi 456), kisha kitafute kwenye PubMLST, hifadhidata iliyoko Oxford. Kila kipande kinapata namba ya aleli, na namba saba kwa mpangilio ndizo zinazotaja aina, inayoandikwa ST. Mfano, 3-1-1-1-1-5-3 ni ST97, inayoonekana sana kwa ng'ombe. ST398 inafahamika zaidi kwa nguruwe, na huwapata pia watu wanaowahudumia. Ukiikuta, waulize wakamuaji kama wanafuga nguruwe.

7. Tafsiri. Aina tofauti kabisa kwa ng'ombe wawili ni ushahidi mzuri kwamba hawakuambukizana. Aina ileile si ushahidi wa kutosha kwamba waliambukizana, kwa sababu umesoma takribani besi 3,200 kati ya milioni 2.8 za jenomu (DNA yake yote), na aina ya kawaida inaweza kuingia zizini kwa njia kadhaa. Kama uamuzi wa kuchinja ng'ombe unategemea jibu hilo, toa ile akiba kwenye friza usome jenomu nzima. Wakati unasubiri, wagonjwa wakamuliwe mwisho.