Kufunga kamera ya rivasi kwenye pikapu ya zamani, kwa sisi tunaoishi na chumvi ya Tanga

Pikapu yangu ni Hilux ya zamani, singo kebini, na kazi yake ni kubeba tu, leo machungwa ya Muheza kesho makreti ya samaki toka Deep Sea, soko letu la samaki. Ukishapakia hadi juu kioo cha kati hakikuonyeshi chochote zaidi ya mzigo, vioo vya pembeni vinakuonyesha ubavu, na pale katikati nyuma ya bampa panabaki gizani kabisa. Hapohapo ndo mtoto wa jirani alikuwa amechuchumaa siku moja anaokota gololi, uchochoro wetu wa Ngamiani mwembamba na kwa watoto ndo uwanja, mi narudi nyuma taratibu nasikia mama yake kapiga ukelele, nikakanyaga breki. Hakuguswa. Ila usiku ule sikulala, na wiki hiyohiyo nikanunua kamera.

Nimeifunga mara mbili kwenye gari hilohilo maana ya kwanza ilikufa mapema, na ninachotaka kukuelekeza ni ile ya pili.

Kwanza usiogope kwamba gari ni la zamani, uzee hapa unakusaidia. Magari mengi mapya yana kompyuta inayochunguza taa, ukigusa waya linaanza kulalamika. La zamani mambo ni wazi: kuna swichi ndogo kwenye gia boksi, ukiweka rivasi inaruhusu umeme unakwenda taa ya nyuma, basi. Sisi tunaiba umeme kidogo palepale kwenye taa. Balbu ya rivasi ya wati 21 inakula karibu ampea 1.75 kwa volti 12, kamera inakula kidogo sana kuliko hiyo, kwa hiyo waya wa gari haushtuki.

Dukani angalia vitu vitatu. Volti, maana Hilux na pikapu ndogo ni volti 12 lakini Canter na magari mengi makubwa ni 24, kamera ya 12 ukiifunga kwenye 24 inaungua siku hiyohiyo. Halafu urefu wa kebo ya picha, nyingi zinakuja na mita 6, singo kebini inatosha vizuri, dabo kebini pima kwanza na kamba kwa kufuata chasisi, usipime kwa macho. Na maandishi ya IP67 au zaidi, maana yake imejaribiwa kuzamishwa maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30, ila elewa hiyo ni kamera yenyewe, zile plagi zake za kuunganishia hazimo kwenye ahadi hiyo. Hapo ndo mimi niliumia, nitafika.

Kabla ya chochote kagua kama taa yako ya rivasi inawaka. Magari mengi ya umri huu swichi imekufa na mwenyewe hajui. Itengeneze kwanza, maana usiku kamera nayo inaitegemea taa hiyohiyo kuona.

Sasa kutafuta waya wa rivasi. Usifuate rangi, usifuate alichokwambia mtu, gari limeshapita mikono ya mafundi kumi, kila mmoja kaweka waya aliokuwa nao. Weka gari sehemu tambarare, handibreki juu, mawe kwenye matairi, engine imezimwa. Fungua taa ya nyuma, nyuma ya balbu ya rivasi utakuta nyaya mbili, mmoja wa moto unaoleta umeme, mmoja wa ethi unaourudisha kwenye bodi ya gari. Mimi nilimwita mpwa wangu akae kwenye kiti, nikabana klipu ya testa, ile taa ndogo ya kupimia umeme, kwenye chuma kilichokwanguliwa, ncha nikaigusisha kwenye waya.

"Swichi on. Weka rivasi."

"Tayari mjomba."

Testa ikawaka. "Toa." Ikazima. Wengi wanaishia hapo, wewe endelea: mwambie akanyage breki, awashe indiketa, awashe taa ndogo, kote huko testa isiwake. Ikiwaka hata kidogo kwenye breki umeshika waya siyo, au ethi ya taa zako ni mbovu umeme unarudi kwa njia za panya, na hiyo shughulikia kwanza.

Ukishaupata, weka alama ya tepu, kisha chomoa betri, hasi ndo inatoka kwanza na ndo inarudi mwisho. Usilirukie hili. Kwenye Toyota nyingi za zamani taa ya rivasi inalalia fyuzi moja na geji za dashibodi, ukigusisha waya kwenye bodi unakata fyuzi na mshale wa mafuta na wa joto vinalala vyote, unaanza kutafuta ugonjwa ambao umeuleta mwenyewe.

Haya, maungio. Mara ya kwanza fundi mmoja alinifungia kwa vile viplastiki vya kung'ata waya, unafunga na koleo paa kazi imeisha, ikawa safi na nikamlipa nikashukuru. Baada ya miezi mitatu skrini nyeusi. Nikafungua mwenyewe: ndani ya kile kiplastiki shaba imekuwa unga wa kijani, nikaukata waya nyuma kidogo nikakuta mweusi, nikakata tena sentimita kama tano ndo nikaiona shaba inayong'aa. Chumvi ilikuwa imetambaa ndani ya ganda la waya kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Fikiria, samaki wana barafu, barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye mlango wa nyuma yanadondokea bampa, moja kwa moja juu ya maungio. Hata kama hubebi samaki, ukikaa Raskazone au Sahare upepo wenyewe wa bahari unatosha.

Kwa hiyo fanya hivi, na usikubali fundi akuharakishe. Menya ganda la waya wa taa kidogo bila kuukata, zungushia waya wa kamera, chomelea kwa waya wa risasi kama wafanyavyo mafundi redio. Kisha paka gundi ya mpira au funga tepu ile inayojishika yenyewe, halafu juu yake tepu nyeusi. Yale maungio ya kichwa kwa kichwa tumia mirija ya plastiki inayosinyaa ukiipasha moto, ile yenye gundi ndani, siyo ile kavu, ukiipasha gundi inatoka kidogo pembeni ndo ujue imeziba. Mrija uvalishe kwenye waya kabla hujaunga, huwa tunasahau. Umbali mfupi toka ungio la taa, kwenye waya wa moto wa kamera, weka fyuzi ya ampea 1 au 2, nayo isiachwe wazi. Plagi ya duara ya umeme na ile ya njano ya picha zipake Vaseline kidogo kwa nje ya maungio, zifunge zote, na zipandishe juu ndani ya chasisi zisikae bampani. Na silikoni inayonuka siki usiiweke karibu na shaba, ile harufu ni asidi na inakula waya, utakuwa umeziba ugonjwa ndani.

Ethi usiitupie kwenye nati yoyote yenye kutu. Kwangua chasisi hadi chuma king'ae, toboa, funga kwa boliti na kichwa cha pete, kaza, kisha paka rangi au grisi juu yake. Ethi mbovu utaitambua tu, ukikanyaga breki picha inacheza.

Mahali pa kamera mimi nashauri juu ya pleti namba kwenye bampa, siyo kwenye mlango wa nyuma, maana siku unabeba mabati au mbao mlango unashushwa na kamera inatazama ardhi. Tundu ulilotoboa lipake praima kabla ya kufunga. Ielekeze hadi chini kabisa ya picha uone ukingo wa bampa lako mwenyewe.

Kebo ya kwenda mbele ifuate njia ya nyaya za kiwandani, juu ya chasisi, upande usio na ekzosti, mbali na propela shafti na isining'inie popote. Ivalishe paipu ya kupitishia nyaya, ibane kwa tai za plastiki kila sentimita 30 hivi. Kuingia kebini tafuta raba ambayo tayari ina nyaya, usipitishe kwenye chuma kitupu kitaikata. Na kabla ya kuingia acha kebo ining'inie kidogo kuelekea chini kama herufi U, maji ya mvua yadondokee hapo yasiifuate kebo hadi miguuni kwako.

Mbele ni rahisi. Waya mwekundu wa skrini unakwenda kwenye umeme unaowaka funguo ikiwa ACC, yaani ile hatua ya redio kabla engine haijawaka, chukua wa redio au wa kiberiti cha sigara, na wenyewe uwe na fyuzi. Mweusi ethi. Halafu ule waya mwembamba unaotoka ubavuni mwa kebo ya picha, watu wengi wanaukata wakidhani hauna kazi, kumbe ndo wa kuamsha skrini: nyuma unaungwa pamoja na umeme wa rivasi, mbele unaungwa na waya wa rivasi wa skrini. Ukiweka gia tu picha inakuja. Ukiona kushoto kumekuwa kulia, soma karatasi ya kwenye boksi, kamera nyingi zina kitanzi kidogo cha waya cha kukata ili igeuze.

Ile mistari ya kijani, njano na nyekundu usiiamini hadi uipime. Haijui gari lako. Chukua ndoo, iweke nusu mita toka bampa, kisha mita 1, kisha 2, kila mara kaa kwenye kiti utazame iko mstari gani. Rudia ukiwa na mzigo kamili maana nyuma inashuka na mistari inahama. Kwangu mstari mwekundu ukiwa na mzigo ni karibu sana kuliko nilivyodhani, kwa hiyo nasimama kwenye njano. Na pembeni kabisa kamera haioni, mtoto anayekuja mbio toka ubavuni utamwona kwa kioo au kwa kugeuza shingo, na kwetu uchochoroni bado nashuka nazunguka gari kabla ya kuwasha.

Ukitoka Deep Sea mwagia bampa maji baridi ya bomba siku hiyohiyo, usingoje kesho, lenzi ifute kwa kitambaa kilicholowa siyo kikavu maana mchanga unaichubua. Baada ya mwezi wa kwanza fungua ungio moja uangalie rangi ya shaba. Yangu sasa ina mwaka na nusu, juzi nimeifungua, bado inang'aa.