Mambo mawili kwa wakati mmoja: utumie huku, -ki-, -po- au sanjari?

Kazi yangu ni kuhariri habari na tafsiri, na neno ninalolifuta mara nyingi kuliko yote ni "huku". Nalipenda neno hili, ndiyo maana naumia nikiliona limebebeshwa mzigo usio wake. Hivi ndivyo ninavyofanya nikikuta sentensi yenye matukio mawili.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli yanatokea pamoja. Weka "wakati huohuo" mahali pa "huku" uone sentensi inasema nini. Mfano huu hunifikia mezani kila mara kwa sura mbalimbali: "Alizaliwa Tanga huku akisoma Moshi." Wakati huohuo? Mtoto hazaliwi anasoma. Matukio haya yamefuatana, na kufuatana kuna kiambishi chake: "Alizaliwa Tanga, akasoma Moshi." Vivyo hivyo "Watatu wamefariki huku kumi wakijeruhiwa". Mimi huandika "Watatu wamefariki na kumi wamejeruhiwa", basi.

Hatua ya 2: Kama yanakwenda pamoja, jaribu -ki- kwanza. Hiki ndicho kiambishi chenye nguvu kuliko vyote hapa. "Nilimwona akivuka barabara": bado yuko katikati ya lami. "Nilimwona amevuka": yuko ng'ambo. Katika ushahidi wa ajali, tofauti hiyo ni kubwa mno kuachiwa bahati.

Watendaji wakiwa wawili, -ki- bado inatosha: "Mama alikuwa akisonga ugali, mimi nikikatakata sukuma wiki." Hakuna aliyeikosa "huku" hapo.

Ila angalia wakati ujao. "Akiimba, nitapika" msomaji ataisoma kama sharti: asipoimba, hakuna chakula. Hapa ndipo "huku" inapostahili kuitwa: "Nitapika huku yeye akiimba." Inafaa pia pale mtu mmoja anapofanya mawili, "Alijibu huku akilia." Kumbuka asili yake ni neno la mahali: huku na kule. Nikiliandika huwaza pande mbili za tukio moja, upande huu anajibu, upande huu machozi yanamtoka.

Mambo mawili yakipingana, tumia "ilhali": "Anasema amefunga ilhali mdomo unatafuna."

Hatua ya 3: Ukitaka kuonyesha nukta moja ya wakati, tumia -po-. Kisha chunga kitenzi kinachofuata. "Alipofika, tulikuwa tunakula" maana yake hatukumngoja. "Alipofika, tulikula" maana yake tulimngoja. Mgeni anayeijua lugha atajua alivyopokelewa.

Hatua ya 4: Chagua neno la uhusiano kwa picha yake. "Sanjari" lilisemwa kwa vyombo vinavyosafiri vikifuatana baharini, kwa hiyo linafaa mambo yanayosonga mbele kwa msafara mmoja: "Mafunzo yataendelea sanjari na ujenzi." "Sambamba" ni ubavu kwa ubavu, kama mistari ya jiometri isiyokutana. Wengi huyabadilishana haya mawili, nami sigombi sana. "Sawia" ndilo ninalolitetea: mkalimani sawia husema mzungumzaji akiwa anasema, ilhali wa ukalimani fuatizi husubiri mwenzake atue. Ukiyachanganya kwenye barua ya kuajiri, atakuja mtu aliyejiandaa kwa kazi nyingine.

Hatua ya 5: Kwa watu, tenga zama na rika. Shaaban Robert (1909–1962) na Amri Abedi (1924–1964), washairi wote wawili, waliishi zama moja, lakini walipishana miaka 15, kwa hiyo usiwaite wa rika moja. Ukimtafutia Amri Abedi mtu wa hirimu yake, mtaje Nyerere, aliyezaliwa 1922.